Msusi wa Vioo

Saa tano usiku, Friesland, mwezi wa kumi.
Nyuma ya zizi la Wiebe nyasi zimelowa
hata soksi zinalia ndani ya viatu.
Nchi hii iko chini ya bahari. Maji
yamezuiwa kwa udongo na ukaidi,
na yakikosa mlango hupanda hewani,
huja kimya, huketi
juu ya kila kinachotazama juu.

Tulikuwa tisa, darubini tisa.
Hylke alikuwa ameipata Zohali na pete yake.
"Njoo, Douwe, upesi!"
Nilipoinama nikaona
taa ya bafuni nyuma ya mvuke.

Umande.

Na haupanguswi. Leso ni msasa
kwa kioo kilichopakwa utando
mwembamba kuliko kope ya sisimizi.
Basi tukasimama: wahandisi,
mwalimu wa fizikia, daktari wa ng'ombe,
na mimi wa ofisi ya kodi,
tukijadili nyuzi za joto na asilimia za unyevu,
huku nyota zikifungwa moja moja
kama maduka saa ya jioni.

Mlango wa karavani ukafunguka.
Sjoukje, dada yake Wiebe,
miaka arobaini na moja ya mkasi na chanuo
katika saluni ya viti viwili,
amevaa koti la mvua juu ya nguo ya kulalia,
mkononi kikaushia nywele cha safarini,
cha waridi, mpini wa kukunja,
volti kumi na mbili tu,
waya wa kuchomeka penye kiberiti cha gari.

"Msameheni," Wiebe alinong'ona,
"hakuonja umande. Shule aliiacha na miaka kumi na minne."
Hylke akasema hicho hakikaushi hata kifaranga.
Tulicheka. Nakiri, mimi nilicheka kwa sauti.

Akachomeka. Kikalia kama nyuki chupani.
Akaupima upepo wake kwenye kifundo cha mkono
kama mama apimavyo maziwa ya mtoto,
akasimama shubiri mbili mbali,
akaanza pembeni, akizungusha, akizungusha,
bila kutua mahali.
"Moto mkali hupasua," akasema.
"Vuguvugu linatosha. Kichwa ni kichwa."

Ukungu ukajikunja kuelekea katikati,
ukawa sarafu,
ukawa punje,
na Zohali hiyo, na pete yake,
kana kwamba haikwenda popote.

Waya ulikuwa wa mita mbili.
Kufikia saa saba darubini ndizo zilizohama,
tumezibeba na miguu yake mitatu
hadi ubavuni mwa gari, foleni,
kama wateja wa Jumamosi.
Naye, kwa mazoea ya kazi, akimuuliza kila mmoja:
"Na wewe unakwenda wapi leo?"
"Andromeda," akasema mwalimu, kwa haya.
"Mimi Kilimia."
"Mbali huko. Funika shingo."
Robo saa, umande unarudi. Naye anarudi.

Saa nane ndipo mtu alipokumbuka kumpisha.
Hylke, kwa heshima yake, ndiye aliyekumbuka.
Akatazama kwa muda mrefu, mdomo wazi kidogo,
kikaushia kinapoa chini ya kwapa.
Tulingoja neno. Alisema:
"Chanuo limepita kila mahali.
Hakuna hata unywele mmoja uliotoka mstarini."

Alfajiri gari halikuwaka.
Betri yote tulikuwa tumeipuliza angani.
Tukalisukuma, wanane, matope hadi magotini,
Sjoukje kwenye usukani akipiga honi ya bure
isiyolia, akicheka peke yake,
na kile kitu cha waridi juu ya dashibodi
kimekunjwa, waya umezungushwa vizuri
kama wafanyavyo saluni wakati wa kufunga.

Soksi zangu zilikuwa bado zinalia.
Sikumwomba azikaushe. Niliona haya.