Kigurudumu

Bili ilikuja Jumanne, na mvua ya Halifax,
bahasha imelowa pembe moja
kana kwamba wameionja bidhaa kabla ya kutuuzia.
Miezi sita tangu watufungie mita:
pauni mia sita na kumi na nne.
Nikaigeuza. Nikaigeuza tena.
Nyuma palikuwa na picha ya bata, na ushauri:
funga bomba unapopiga mswaki.

Nikafungua kesi nyumbani, maana kikulacho ki nguoni mwako.
Salha, nywele gani hizo za kuoshwa saa nzima?
Abeid, kwa nini unavuta maji chooni mara mbili?
Hata Bi Mwantumu, mama mkwe, na magoti yake mabovu,
nilimsimamia mlangoni akitawadha,
nikihesabu: mkono wa kulia, mara tatu,
bomba likimwaga huku yeye akipapasa taulo.
Akaniona kwenye kioo. Hakusema kitu.
Kesho yake alitawadha kwa kikombe cha chai.

Kaniki akasema, "Tulipe kidogo kidogo,
haba na haba hujaza kibaba."
Nikamuuliza, kibaba cha nani?

Korogwe nilibeba ndoo ya lita ishirini kichwani.
Shingo ndiyo ilikuwa mita.
Haikuhitaji kusomwa, haikutuma barua.
Tone likinidondokea begani, nililijua bei yake.
Huku maji hayana uzito.
Yanaingia bila hodi, yanatoka bila kuaga,
kisha anakuja karani wao.

Nikatia rangi ya biriani kwenye tangi la choo,
matone mawili, nikangoja hadi asubuhi:
bakuli jeupe pe, halina hatia.
Usiku uliofuata nikafunga koki kuu chini ya sinki,
na saa tisa, koti juu ya kanga, tochi mdomoni,
nikapiga magoti kando ya barabara
nikakibandua kifuniko cha chuma kwa bisibisi.
Buibui. Tope. Kioo chenye ukungu,
nikakifuta kwa kidole gumba.

Na kule chini kigurudumu chekundu,
hakizidi punje ya mtama,
kinazunguka.
Nyumba yangu kavu, watu wanne wamelala,
na chenyewe kinazunguka
kama mtu anayesema peke yake.

Nikainua uso kumtafuta mwizi.
Mtaa mzima giza, ila dirisha moja,
la bafuni kwa Bwana Sugden, ukuta kwa ukuta nasi.
Kivuli kinainama, kinainuka, kinakamua kitambaa,
kinainama tena, taratibu,
kama anayeosha sahani ya urithi.
Mkewe Doreen, tangu kiharusi cha Oktoba, hajatoka nje.
Tuliwapelekea maandazi mara moja.
Mara moja tu.

Kulipokucha nilimkuta akianika mashuka
chini ya wingu lililokwisha kushiba.
"Samahani kwa kelele za maji usiku," akasema.
Nikamwambia hatusikii kitu.
Ilikuwa kweli mpaka jana.

Ijumaa fundi akaja na ramani ya zamani:
nyumba hizi mbili zilikuwa moja,
ya msimamizi wa kiwanda cha sufi.
Walijenga ukuta katikati
wakasahau kuliambia bomba.

Kampuni itarekebisha. Wana fomu.
Nimeijaza yote isipokuwa mstari mmoja:
Eleza matumizi yasiyo ya kawaida.
Kalamu imelala hapo siku ya tatu sasa.
Usiku nikiamka nayasikia, ng'ambo ya ukuta,
yakianza, yakikatika, yakianza,
nami najikuta nahesabu,
kisha naacha.

Bi Mwantumu bado anatawadha kwa kikombe.
Nimemwomba radhi, nimemwomba arudi kwenye bomba.
Anasema hana kinyongo,
ila kikombe ameshakizoea.