Hesabu ya Sindano

Miaka ishirini na sita nilikuwa karani wa mizani
kwenye kinu cha pamba, kabla hakijafungwa.
Gunia nililitazama tu nikakwambia
huyu kalowanisha, yule katia mchanga.
Namba hazikuwahi kunichezea
mpaka nilipofika dirisha namba nne.

Minza, mke wangu, ameshona sare
za nusu ya watoto wa Igoma.
Mwaka juzi vidole vyake vikaanza kuamka kama mihogo,
vinene, vigumu, havitaki kukunjwa.
Wapo waliosema ni baridi ya ziwa. Wapo waliosema jirani.
Daktari akasema: mwili unajipiga wenyewe.
Dawa ipo, hutengenezwa kwa chembe hai,
sindano moja kila wiki mbili.
Bei hakuitaja.
Bei inakaa kwa mtu mwingine.

Dirishani kuna kijana mpole, Lugembe.
"Mzee, bima inabeba. Wewe unachangia kidogo."
Kidogo ndiyo kiasi gani?
"Inategemea."
Gunia halijawahi kuniambia inategemea.

Nikanunua daftari.
Mchango wa dawa: laki moja na themanini na tano.
Kipimo cha kifua kikuu, hicho kwanza,
maana dawa hii huweza kuamsha ugonjwa uliolala.
Kibali cha bima: bure.
Nauli ya kukifuata hicho cha bure: safari tatu.
Siku ambazo Minza hakushona:
niliandika, nikafuta, nikaandika tena.
Barafu.

Barafu haikuwamo kwenye fomu yoyote.
Sindano inataka ubaridi, lakini isigande,
na umeme wa mtaani kwetu una tabia zake.
Basi alfajiri nashuka Mwaloni, kwa Nyanzobe
anayepakia sangara.
"Leo umevua nini, karani?"
Namwonyesha kiboksi, kipana kama kalamu mbili,
nimekiviringisha kitambaa kisiguse barafu.
"Samaki huyo bei gani?"
Nikamtajia.
Akaacha kucheka, akaongeza koleo la pili,
pesa akakataa.
Na hilo nililiandika. Sikujua niliweke safu gani.

Usiku najumlisha. Ng'ombe wawili wa Magu wamo humo,
na cherehani ile ya miguu.
"Umeelewa?" Minza ananiuliza gizani.
Mstari mmoja mmoja nimeuelewa, mama.
Jumla ndiyo inayonishinda.

Jana alikunja ngumi. Ngumi kamili,
akaitazama kama kitu alichoazimwa.
Kisha akatafuta sindano ile nyingine,
ya senti chache, isiyoombewa kibali,
akalowanisha uzi kwa mate,
akakosa tundu, akakosa,
ukapita.
Akaanza na kifungo cha shati langu
nikiwa bado nimelivaa.

Nilisimama wima, sikupumua sana.
Kibali kinaisha tarehe kumi na mbili.