Kati ya Saa Nne na Saa Nane

Mgeni hutoka saa nne, mgeni huingia saa nane.
Katikati pana saa nne tu, na hizo
zimenifukuzia wasichana watatu.

Wa kwanza alikuwa Holo. Mikono myepesi,
ila Jumatatu yake ilianza Jumanne.
Wa pili, binti wa Ukerewe, alinyoosha shuka
mpaka unaogopa kulikalia.
Akaolewa Desemba, msimu umepamba moto,
akaniachia ufunguo chini ya jiwe
na ndoo imejaa maji safi. Sikumlaumu.
Wa tatu simtaji. Taulo sita zilimfuata.

Ndipo akaja Nyamizi.
Nilielekezwa kwake na muuza mkaa wa Kirumba, hivi hivi,
kama unavyoelekezwa kwa fundi viatu.
Hakuuliza mshahara. Aliuliza, maji yanatoka siku zipi?
Nikajua.

Nyumba ipo Isamilo, juu ya mawe.
Ziwa zima unaliona ukiwa bafuni.
Marehemu hakukusudia; fundi alikosea dirisha,
na sasa wageni wanalipia kosa lake kwa usiku.

Kuna asubuhi wadudu wa ziwa wanakuta taa tuliyosahau,
wanalala barazani marundo, vumbi lenye mbawa.
Holo aliwafagia wangali na umande,
ukuta ukawa rangi ya chai.
Nyamizi alingoja jua liwakaushe,
akapitisha ufagio mara moja,
akampelekea jirani mwenye kuku.
Mimi mlangoni nilibandika karatasi, vipengele kumi na tisa.
Aliisoma yote, kwa heshima,
kisha akaibandua akafutia kioo.

Miezi kumi na minne. Nyota tano, nyota tano.
Halafu Ijumaa moja simu yake haipatikani,
na watu wawili wa Kigali wapo njiani.

Nikajifunga khanga kiunoni nikaingia mwenyewe,
karani mstaafu wa pamba, goti la kushoto bovu.
Unywele juu ya mto. Nikautoa. Mwingine.
Magamba ya sato yameng'ang'ania sinki.
Chini ya kitanda soksi, mchanga, nusu ya hindi la kuchoma.
Saa nane ikanikuta chumba cha kwanza,
nimeketi ukingoni mwa beseni, nahema,
nakumbuka kwamba vyumba vyote viwili
nilivihesabu kuwa kazi ya saa mbili,
na kwa saa mbili nikalipa.

Jioni nilipanda Mabatini, ngazi baada ya ngazi,
nyumba zimejipenyeza katikati ya majabali.
Nikamkuta anafua. Mashuka. Si yangu.
"Yule wa Capri Point anaongeza elfu tano," akasema,
"na nauli." Hakuwa na hasira.
Povu lilimfika viwikoni.

Njiani nilikuwa nimepanga maneno:
sisi ni ndugu sasa, ile sukari ya Idi,
zile dawa za mtoto.
Yakanikwama. Nikaona aibu, nikataja hesabu.
Elfu sita zaidi kila chumba. Nauli kando. Jumapili yake.
Na mashine ya kufulia, nikipata.
Aliicheka hiyo "nikipata" mpaka akakaa chini.
Kisha: "Andika."
Nikaandika nyuma ya risiti ya umeme.

Amerudi. Alhamisi bado ni ya Capri Point,
nami nimejifunza kutomuuliza kwao kukoje.
Mashine sijapata.
Ila mgeni sasa huingia saa tisa.

Juzi mmoja akafika saa saba na nusu, begi mkononi,
anatazama saa yake, anatazama mlango.
Nikamtolea kiti barazani, nikamwonyesha ziwa.
Alitaka kupita aweke mzigo tu, dakika moja.
Ngoja, nikamwambia. Ndani kuna mtu.