Mwanagenzi Mwenye Mvi

Nina miaka hamsini na moja. Fundi wangu ana ishirini na mitatu,
jina lake Nomintsetseg, na gereji yake ni kontena la bluu
lililotobolewa mlango ubavuni, pembezoni mwa Ulaanbaatar,
ambako moshi wa makaa ni mzito
hata asubuhi unautema kabla ya chai.

Siku ya kwanza hakuniuliza najua nini.
Aliitazama mikono yangu kama mtu anavyotazama tairi kuukuu:
ina kipara hapa na pale, lakini itafika.

Mifugo yangu ilikuwa mia tatu na kumi na miwili.
Naitaja idadi kwa sababu watu husema "yote" wakasonga mbele.
Theluji ilianguka, ikayeyuka kidogo, ikagandia majani kama kioo,
na kondoo wakawa wanakwangua, wanakwangua,
mpaka kwato zikatoka damu.
Mwezi Machi nilibaki na kumi na tisa.
Nikamwachia shemeji yangu Gombosuren, nikadandia lori.

Sasa najifunza majina.
Plagi. Gasketi. Rejeta. Nati ya kumi na saba.
Fundi hunisahihisha bila kutoka uvunguni mwa gari,
sauti yake kama ya mtu aliye kisimani:
"Siyo hiyo, mzee. Soma ubavu wa spana."
Chururu si ndo ndo ndo, najua,
lakini hapa ndo ndo ndo ya oili ndiyo inayoua injini,
kwa hiyo kila jioni natandika kadibodi chini ya magari
na asubuhi nasoma madoa.

Wiki ya tatu nilikaza plagi
kwa nguvu zilezile nilizofungia kamba za hema upepo ukija.
Nikasikia kitu kikilegea ndani ya chuma, taratibu,
kama mfupa wa mwanakondoo.
Meno yalikuwa yamekwisha.
Mwenye gari alikuwa mlangoni anavuta sigara, hana habari.
Niseme kweli: kwa muda wa pumzi tatu nilinyamaza.
Kisha nikasema.

Nomintsetseg hakufoka. Alivua glavu,
akaniwekea plagi nyingine kiganjani.
"Vidole kwanza. Ikikataa, itoe, anza upya.
Spana haina hisia."
Hasara akaikata kwenye ujira wangu kwa miezi miwili.
Hilo nalo ni somo, na sikulipenda.

Jana limeletwa furgoni la Kirusi, la zamani,
halina hata tundu la kuchomeka kile kimashine cha kupimia.
Linatetemeka limesimama. Fundi anainamisha sikio, anasonya.
Mimi nimeshika kikombe, nikajikuta nasema,
"Wa tatu anachechemea."
"Nani?"
"Silinda. Ya tatu."
Akachomoa waya wa kwanza: injini ikayumba.
Wa pili: ikayumba.
Wa tatu: haikubadilika hata kidogo, kama aliyeitwa jina lisilo lake.

"Umejuaje?"
Kundi likipita langoni gizani, nikamwambia,
mgonjwa humwoni. Unahesabu miguu kwa sikio.
Hakunisifu. Alinipa tochi.
"Basi mtoe mwenyewe."
Nikamtoa, mweusi, ameloa oili.
Mpya nikamwingiza kwa vidole, macho nimefumba,
akakataa mara moja, nikaanza upya.

Sina kilemba cha kumpa fundi huyu, na mafunzo hayajaisha;
breki bado naziogopa.
Jioni Gombosuren ametuma picha: wanakondoo sita,
mmoja bado ana utando wa uzazi mgongoni.
Nataka kuikuza nimwone vizuri,
lakini kidole kimejaa grisi,
na simu haikitambui.