Msoma Mita

Kazi yangu ni kusoma mita.
Umoja hadi Kayole nafunua vifuniko vya chuma,
napangusa utando wa buibui, nainama,
naandika tarakimu za maji ambayo mara nyingi hayakupita.
"Hii mita yenu huzungushwa na upepo,"
mama mmoja aliniambia, karai tupu mkononi,
na sikuwa na jibu, maana ni kweli.

Kwangu Donholm, ghorofa ya tatu,
nina bahari ya lita mia na tisini.
Mwenye nyumba aliikadiria kwa macho,
akagonga sakafu kwa kisigino,
akauliza kama nimewafikiria wa chini.
Chumvi yake hutoka kwenye gunia,
maji yake ni ya kisima cha ploti, nayachuja mara nne
mpaka yasahau yalikotoka.
Wahenga walisema ukiyavulia nguo sharti uyaoge.
Mimi nimeyavulia mshahara.

Tumbawe la kwanza nilikatiwa na Shamsa wa Ngara,
kipande cha ukubwa wa ukucha.
Akafunga mfuko kwa mpira, akasema:
"Huyu hajengi kwa mkate, hujenga kwa alkali.
Ikishuka, ataacha kujenga.
Ikiruka, ncha zitaungua.
Shika nane. Usiwe na tamaa."

Basi kila Jumapili baada ya chai
Syombua alishika kichupa kwenye mwanga wa dirisha,
mimi nikadondosha dawa kwa bomba la sindano,
na tukahesabu kwa Kikamba, lugha yake, ili nisiibe tone:
imwe, ili, itatu, inya...
Nane kwao ni *nyanya*,
na kila tukifika hapo nilicheka
kama mtu aliyepunjwa sokoni akaridhika.
Kisha rangi igeuke, tuanze kubishana:
hii ni manjano, au ni kijani kinachojidai?

Halafu nikanunua mashine.
Kwenye fomu ya mkopo wa sacco niliandika "karo".
Kila saa hunyonya maji kidogo,
hudondosha tindikali yake,
hutazama rangi kwa jicho lisilobishana,
na kunitumia namba: 8.1. 8.0. 8.1.
Zikipungua, pampu huongeza magadi yaliyoyeyushwa.
Usiku simu hung'aa chini ya mto,
nasoma, nalala tena.
Syombua, uso ukutani:
"Maji unayajulia hali kila saa.
Mimi uliniuliza lini?"
Nilisikia. Nikangoja namba ya saa nane.

Alhamisi stima ilipotea tangu jioni.
Iliporudi, mashine iliandika 5.9.
Kisha 5.4.
Pampu ikamwaga magadi kwa bidii ya mtumishi mgeni,
maji yakapauka kama uji wa mgonjwa,
nami nimesimama na soksi moja, nikiiamini simu.

Ni yeye aliyeng'oa plagi.
Ni yeye aliyejua kichupa kilikuwa wapi:
droo ya vijiko, nyuma ya kikopo cha iliki.
Tochi mdomoni, akanishikia.
Imwe. Ili. Itatu.
Tukaipita nyanya, sikucheka.
Kenda. Ikumi.
Bado buluu.
Tone la kumi na mbili ndilo lililogeuka,
na safari hii hatukubishana.

Ndani ya mrija wa mashine
kulikuwa na kiputo cha hewa, hakifiki punje ya mtama.
Upepo tu.
Miaka kumi na moja ya kusoma mita
na sikuujua ulipoingia kwangu.

Nikamuuliza. Ilikuwa saa tisa usiku.
Akasema ni mgongo, upande wa kushoto, tangu Jumatatu;
si Jumatatu hii.

Ncha mbili za tumbawe ziligeuka nyeupe.
Moja imerudi.
Mashine bado ipo, hutuma namba zake.
Jumapili tunaihakiki kwa mkono,
yeye amekaa kwenye kiti chenye mto,
na kwenye nyanya ananitazama kwanza
aone kama nitacheka.