Binamu wa Ghorofa ya Juu

Banda la Shekue, Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
kiingilio shilingi ishirini, kumi ukiwa na ujanja.
Jenereta inakohoa nyuma ya choo,
na mbele, juu ya meza ya cherehani isiyo na cherehani,
runinga, na Semboja kasimama kando na kipaza sauti
kama shahidi wa ndoa ya watu asiowajua.

Yeye ndiye aliyekuwa akitutafsiria.
Wazungu wakisema neno moja, yeye kumi;
wakisema kumi, yeye: "Haya, wanagombana."
Mama mwenye nyumba akawa Bi Mkubwa wa Pongwe,
mumewe mlevi, karani wa bandari,
na theluji dirishani: "Pamba, jamani. Mwaka huu pamba imekubali."

Kanda ilikuwa ya vichekesho, imepitia Mombasa, imechakaa,
mstari mweupe ukipanda na kushuka usoni mwa kila mtu.
Kila baada ya sentensi walicheka watu wasioonekana.
Hiza aliniuliza wamekaa wapi.
Sikujua. Mpaka leo.

Kisha akaingia jirani wa ghorofa ya juu.
Skafu ya kijani, kikombe kitupu, amekuja kuomba sukari.
Hajafungua mdomo, wale wasioonekana wameshaangua.
Akaweka mkono kiunoni, wakacheka.
Akaketi, wakacheka.
Akasema jambo dogo, taratibu, akiitazama sukari,
na mara hiyo moja hawakucheka,
na mlangoni akatokea mwanamume mwingine na koti,
akamvalisha, akamfunga kifungo cha juu.

Semboja akanyamaza.
Jenereta tu.
Kisha: "Huyu ni binamu yake. Ametoka safari."

Benchi la nyuma mtu akarusha lile neno.
Lilelile ambalo mama yangu, alasiri,
humwitia Bi Mwanakombo juu ya ua wa makuti:
"Shoga, una chumvi?"
"Ninayo, shoga, njoo."
Neno lenye kukopeshana ndani yake, na kusukana nywele.
Sasa limekuja jiwe. Banda zima likacheka,
nami nikacheka, nikawapita wote,
maana nilikuwa na miaka kumi na mitatu
na kile kifungo nilikuwa nimekitazama mno.

Usiku, shati la shule: nafunga, nafungua.

Leo Semboja anauza vocha Barabara ya Nane,
jicho la kushoto limeingia ukungu.
Kanda ile nimeshaitafuta, nimeipata, nimeisikiliza
kwa Kiingereza changu cha kuungaunga.
Alichokisema jirani, akiitazama sukari, ni hiki:
"Siku hizi sinywi chai peke yangu."
Basi. Hayo tu.

Nikanunua vocha nisiyoihitaji. Nikamuuliza habari za binamu.
"Kanda nilizotafsiri mimi," akasema,
"ni nyingi kuliko hizo nywele ulizobakiwa nazo."
Akaihesabu chenji kwa kuipapasa.
Nilikuwa nimeshavuka mtaro aliponiita.

"Yule wa sukari. Alirudi?"

Kanda zote kumi na saba hakurudi.
Nimezitazama mpaka majina ya mafundi wa taa.
Hakuna aliyemuulizia, hata mwenye sukari.

"Alirudi," nikasema. "Kipindi cha mwisho.
Kaja na kikombe kimejaa, anarudisha."

"Na binamu?"

"Alikuwa nyuma yake. Kashika mlango."

Semboja akatikisa kichwa, polepole,
akawa kama anatafuta maneno kumi ya kuliweka hilo moja.
Bodaboda zikapita. Mtoto akataka vocha ya mia tano, akapewa.

"Na wale," akauliza, "walicheka?"

Nikajifanya natafuta funguo mfukoni.