Nusu ya Nyuma

Ahadi ni deni, na hili lilikuwa na riba ya miaka kumi na mmoja.
"Nitapajenga," alisema Hylke kila vuli,
akiinama kuchomoa baiskeli ya mtoto
iliyonasa kwenye mwavuli, mwavuli kwenye zulia,
zulia kwenye kitu ambacho hatukukijua jina.

Nyumba za mtaa wetu, huku Leeuwarden, ni nyembamba kama vitabu rafuni.
Ngazi inapanda wima, utadhani inamkimbia mtu,
na chini ya tumbo lake giza la pembetatu,
mita ya gesi, harufu ya viazi vya mwaka juzi.

Jumamosi moja ya Novemba akang'oa ubao.
Misumari ililia.
Nyuma yake, kwenye plasta, penseli ya fundi tusiyemjua:
44 na nusu. 61. 78.
Na chini, kwa hasira: SIYO.
Hylke akacheka hadi akaketi.
"Kumbe hata yeye," akasema,
akapima upya, akapata arobaini na tatu.

Hakuna pembe mraba katika nyumba hii.
Pimamaji inalewa. Sakafu imeinamia mfereji
kama mtu anayesikia kwa sikio moja.
Wiki tatu tulikula supu ya njegere na vumbi la msonobari,
nikajifunza kushika ubao bila kusema neno,
jambo ambalo, katika ndoa, si ujuzi mdogo.

Droo nne, kila moja fupi kuliko dada yake.
Makoti yakapata kwao, ndoo na fagio zikapata kwao,
na zile chupa za marehemu mama mkwe, Froukje,
aliyehifadhi jamu kana kwamba vita
vimetoka dukani mara moja na vitarudi.
Ile ya mwisho, chini kabisa,
ndogo kama jeneza la paka,
aliivuta mbele yangu kwa fahari ya bwana harusi.

Ikatoka nusu.
Ikagonga mlango wa choo: ko!

Alipima kila kitu, Hylke wangu,
isipokuwa mlango tunaoufungua mara ishirini kwa siku.

Hakutukana. Alikaa kwenye kidato cha tano,
msasa mkononi, akiitazama
kama unavyomtazama mgeni aliyekosea siku.
Nikasema, "Iache."

Nusu ya mbele ina balbu, betri, kamba, kibiriti.
Nusu ya nyuma mkono haufiki.
Ukitaka kitu huko, funga kwanza mlango wa choo,
ing'oe droo kwenye reli, piga magoti, inamisha kichwa,
na nani ana muda huo?

Huko niliweka viatu vya barafu vya Jorrit,
namba thelathini na moja. Kamba bado zina fundo
alilolifunga mwenyewe, vidole vimekufa ganzi,
akikataa katakata kusaidiwa.
Leo ana mita mbili kasoro kidogo, anaishi Tilburg,
hupiga simu mara moja kwa mwezi kuuliza kama huku kunanyesha.
Kunanyesha, namwambia.

Sikumwambia Hylke.
Ni siri ndogo, ya ukubwa wa droo.

Juzi balbu iliviringika hadi nyuma.
Nikapiga magoti, nikaing'oa droo, nikapapasa:
vile vyuma vya viatu vilikuwa vimepakwa mafuta.
Mapya.
Yalinichafua kidole.